Anayesimamisha Gari Asikatwe Mshahara

Ndugu Mhariri, nanyi ndugu wanachama,

Naomba nafasi katika karatasi yetu hii nipate kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wenu mtadhani si la chama. Jambo lenyewe ni mchezo. Lakini nawasihi msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, kisha mcheke kama mtakuwa bado na sababu.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani Kibirichia kwa likizo fupi, nikaingia katika hoteli ya chai pale sokoni. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, baridi kali, na nje malori yalikuwa yakipakia viazi. Ndani niliwakuta vijana sita wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama picha za rolakosta, yaani lile gari la mchezo liendalo juu ya reli, ambalo hupandishwa juu kama kwenda kileleni, halafu huachwa lishuke lenyewe kwa kasi, likipinda na kupinduka, na watu wamefungwa vitini wakipiga kelele. Kijana mmoja akaniona, akasema, "Fundi wa reli, njoo uwaone jamaa zako!" Wote wakacheka.

Basi mazungumzo yakawa marefu. Mmoja alisema ni aibu nchi yetu haina mtambo mkubwa wa namna hii, na kwamba bustani za michezo zilizoko Nairobi zingeujenga ndani ya viwanja vyake, vijana wakapata kazi. Wa pili alisema hizo ni fedha za kuchoma moto wakati barabara ya kutolea viazi ina mashimo. Mzee mmoja aliyekaa karibu na jiko alisikiliza mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema, "Mimi siupandi hata mkinilipa. Ajali haina kinga."

Nilitoka hapo neno hilo la mwisho likinisumbua. Mzee ni wa kuheshimiwa, na methali ni ya wahenga. Lakini mimi ni mkaguzi wa mabehewa. Kazi yangu ni kutembea kando ya gari kabla halijaondoka, nyundo mkononi, kugonga magurudumu, kutazama breki na viungio, na kutia sahihi katika daftari kwamba gari ni zima. Kama ajali haina kinga, mimi nalipwa kwa kazi gani?

REKODI YA UKOO

Kwanza nataka mjue kwamba yule kijana hakukosea. Rolakosta ni mtoto wa reli, tena mtoto wa reli ya kazi.

Mwaka 1827, katika mji wa Mauch Chunk, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, ilijengwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka mlimani hadi kwenye mfereji wa mashua. Haikuwa na injini. Mabehewa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe na mtu wa breki aliyashika yasikimbie. Nyumbu nao walipandishwa katika behewa lao, wakateremka pamoja na makaa, na kule chini wakafungwa kuyavuta matupu kurudi juu. Yasemekana nyumbu hao walipokwisha kuzoea kupanda gari, walikataa kabisa kushuka kwa miguu. Mimi huuhesabu huo kuwa mgomo uliofaulu bila hata mkutano mmoja.

Baadaye makaa yalipata njia nyingine, lakini watu walikuwa wamekwisha kuonja raha ya kuteremka. Walilipa nauli, na reli ile ikawa ya watalii mpaka miaka ya 1930. Mwaka 1884 bwana mmoja jina lake LaMarcus Thompson alifungua gari la mchezo huko Coney Island, New York, kwa senti tano kila mtu. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Mtu wa baiskeli angelipita. Hata hivyo watu walipanga foleni.

Na sisi tusijione wageni katika habari hizi. Kabla njia ya kudumu ya kuteremkia Bonde la Ufa haijamalizika, kati ya 1899 na 1901, mabehewa ya reli ya Uganda yaliteremshwa ukingoni mwa Kikuyu kwa kamba za waya juu ya mteremko mkali. Wale waliofanya kazi pale hawakulipa senti tano kwa raha hiyo.

GARI LISILO NA DEREVA

Sasa tazameni linavyofanya kazi. Gari la mchezo la namna ya kawaida halina injini. Mnyororo hulikamata chini na kulipandisha mpaka kileleni. Njia nzima ya kupandia kuna meno ya chuma, ili mnyororo ukikatika gari lining'inie kwenye meno lisirudi nyuma. Ule mlio wa ta-ta-ta unaosikika gari likipanda ni mlio wa kinga hiyo. Kisha mnyororo huachia, na tangu hapo kazi yote ni ya mteremko.

Magurudumu yako namna tatu. Ya juu hubeba uzito, ya pembeni huzuia gari lisiyumbe, na ya chini hushika reli kwa tumboni ili gari lisiruke likipita juu ya kilima kwa kasi. Hayo ya chini yaliandikishwa na fundi mmoja Mmarekani, John Miller, mwaka 1919. Hata umbo la ile pete ya kupindukia lilipatikana kwa maumivu. Pete ya kwanza kabisa iliyojaribiwa Coney Island, mwaka 1895, ilikuwa duara kamili, nayo iliumiza watu shingo. Pete za siku hizi zimechongwa kama tone la maji lililosimama, nyembamba juu na pana chini, kwa sababu mwili wa mtu ulikataa duara.

Lakini jambo kubwa kuliko yote kwa mtu wa reli ni hili: breki hazimo garini. Zimefungwa njiani. Dereva hayupo, na gadi hayupo. Waliomo ndani wote ni abiria, wamefungwa, hawawezi kufanya lolote. Maisha yao yamo mikononi mwa wale waliosimama chini: fundi, mwangalizi na yule anayekaa penye swichi.

Kwa hiyo njia imegawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa gari moja tu. Kama gari la mbele halijatoka katika kipande chake, la nyuma huzuiwa kwa breki au husimamishwa juu ya mnyororo. Ndugu zangu, hii si elimu ngeni. Hii ndiyo sheria yetu ya njia moja, ambayo dereva wetu huitii kila siku: huondoki stesheni bila kibali cha njia, na kibali ni kimoja tu.

KUJENGA NDANI YA NYUMBA ILIYO NA WATU

Sasa nije kwenye maneno ya yule kijana aliyetaka mtambo mpya ujengwe ndani ya bustani iliyokwisha kuwako. Nairobi tunazo bustani hizo. Two Rivers, kwa mfano, ilifunguliwa 2017, na wengi wenu mmeliona gurudumu lake kubwa. Kesho mwenye bustani yoyote aweza kutangaza mtambo mkubwa zaidi. Siupingi. Nasema tu kwamba kujenga ndani ya bustani inayofanya kazi ni jambo la namna yake, na sisi tunaobadilisha mataruma huku magari yanapita tunalijua.

Kwanza, nafasi ni finyu. Njia mpya hupenya kati ya mitambo ya zamani, juu ya mabomba na nyaya za watu wengine, na misingi ya nguzo huchimbwa karibu na misingi iliyokwisha kubeba mzigo. Katika Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, karibu kila kitu kiko chini ya paa moja. Gari lake mashuhuri, Formula Rossa, lilipofunguliwa lilikuwa la kasi kuliko yote duniani, kilomita 240 kwa saa. Walipotaka kuongeza jingine mwaka 2017, njia yake waliipandisha kwa katikati ya jengo mpaka ikatokeza juu ya paa. Ni ufundi mkubwa, na mafundi wake nawavulia kofia.

Pili, kuna majirani. Huko Uingereza, katika bustani ya Alton Towers, wilaya ya Staffordshire, mitambo haiachiwi kuinuka juu ya miti. Kwa hiyo walipojenga rolakosta iitwayo Nemesis, iliyofunguliwa 1994, walivunja mwamba na kuchimba shimo wakaiweka humo.

Tatu, na hili ndilo baya, siku ya kufungua hutangazwa mapema. Mwenye bustani huwa amekwisha kubandika picha na kuuza tikiti. Mtambo mpya wapaswa kuzungushwa tupu mara nyingi, kisha kuzungushwa na sanamu zilizojazwa maji zikiwa mahali pa watu, na kila kasoro irekebishwe kabla mtu mmoja hajapanda. Lakini kila siku ya majaribio ni siku isiyo na mapato. Hapo ndipo fundi husikia sauti nyuma ya sikio lake: Bado? Bado? Utamaliza lini?

YALIYOTOKEA ALTON TOWERS

Bustani hiyohiyo ya Alton Towers ilijenga mtambo mpya uitwao The Smiler kwa gharama ya pauni milioni 18. Ulikuwa wa kupindua watu kichwa chini mara 14, na duniani hapakuwa na mwingine uliofikia hesabu hiyo. Siku ya kufungua ilisogezwa mbele kwa sababu ya matatizo, na hatimaye ukafunguliwa tarehe 31 Mei 2013.

Tarehe 2 Juni 2015 wageni walikuwa wengi. Gari la tano liliongezwa njiani ili foleni iende. Mafundi walikuwa wakishughulikia hitilafu, wakapeleka gari tupu kujaribu njia. Upepo ulikuwa mkali. Gari lile tupu halikufika upande wa pili, likakwama bondeni katikati ya njia. Nyuma yake lilifuata gari lenye watu 16. Ile kinga niliyowaeleza ilifanya kazi yake barabara: iliona kipande cha mbele kina gari, ikalisimamisha lenye watu juu ya mlima.

Mtambo ulisema: simama. Lakini waliokuwa penye swichi hawakujua kwamba lile tupu limekwama. Walidhani mtambo umekosea. Wakaipita kinga kwa mkono, wakaliachia gari. Likashuka, likaligonga lile lililosimama. Watu watano waliumia vibaya, na wasichana wawili kati yao walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Kuwatoa wote kulichukua zaidi ya saa nne, maana walikuwa wamening'inia juu.

Kesi ilikwenda mahakamani, na kampuni ikakubali kosa. Mwezi Septemba 2016 ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Nami nawaomba mkumbuke jambo moja lililosemwa wazi katika kesi hiyo: kosa halikuwa la wale mafundi mmoja mmoja. Kosa lilikuwa la mpango wa kazi. Hapakuwa na utaratibu wa kueleza nani ahakikishe kwa macho kwamba njia ni tupu, na nani mwenye idhini ya kuruhusu gari liende tena.

Sasa fanyeni hesabu kama makarani. Kama mtu mmoja angetembea kando ya njia na kuhesabu magari kwa kidole, moja mpaka tano, angetumia labda dakika kumi. Dakika kumi hizo hazikutolewa. Mtambo ukafungwa tangu Juni 2015 mpaka Machi 2016, faini ikalipwa, na miguu miwili haikurudi.

Na msidhani haya ni ya michezo tu, au ya Uingereza tu. Tarehe 30 Mei 1972, katika bustani ya Battersea, London, gari la rolakosta liliachana na kamba iliyokuwa ikilivuta, likarudi nyuma mteremkoni, na watoto watano wakafa. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoa wa Dodoma, gari la abiria la ndugu zetu wa Tanzania lilipata shida ya breki likipanda kilima. Likarudi nyuma mpaka likagongana na gari la mizigo. Walikufa watu 281. Gari la mchezo na gari la safari, yote mawili yalirudi nyuma kwa sababu kilichopaswa kushika hakikushika. Mteremko hauulizi kama umelipa tikiti ya raha au ya kwenda kwenu.

SAHIHI YANGU

Mpaka hapa nimesema habari za wengine. Sasa sina budi kusema yangu, maana si vizuri kuwahubiria wenzako ukiwa umeficha mkono wako.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaletwa upande huu wa Nanyuki ambako reli ilifufuliwa 2020, nilikuwa kituo ambacho sitakitaja, chini ya mkubwa ambaye pia sitamtaja. Usiku mmoja nilikagua gari la mizigo nikakuta behewa la mwisho breki yake haishiki. Nilisema likatwe libaki. Mkubwa akaja na tochi yake. Akaniambia mzigo unangojewa, mwenye mzigo amepiga simu mara tatu, na behewa litatengenezwa huko mbele. Nikasema tena. Akaniambia, "Kuna vijana mia nje ya lango wanaotaka nyundo hiyo."

Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile. Nikatia sahihi.

Gari lilifika. Lakini lilipopangwa katika njia ya pembeni, behewa lile lilitoka lenyewe mteremkoni. Kijana mmoja mpakizi alikimbia kulitilia kabari, nalo likamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Taarifa iliyoandikwa ilisema ni uzembe wa mpakizi. Alipewa fedha kidogo akaenda kwao. Mimi mwisho wa mwezi nilipokea mshahara wangu kamili.

Sasa nitawaambia habari ya mtoto wa jirani yetu, msichana aliyesomea hapahapa Kibirichia. Alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi katika bustani ya michezo, kama wengi wa vijana wetu wanavyokwenda. Aliporudi likizo alinieleza kazi yake. Asubuhi fundi hukagua na kutia sahihi. Kisha gari huzungushwa tupu. Kisha wageni wakikaa, kila kifungo cha kiti huvutwa kwa mkono. Gari haliondoki mpaka watu wawili waliosimama mbali mbali wabonyeze vitufe vyao kwa wakati mmoja. Mmoja peke yake hawezi kuliondoa. Lakini mmoja peke yake aweza kulisimamisha.

Siku moja foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Mwenzake akabonyeza. Yeye akaona mtoto mmoja kifungo chake hakikukaza, basi akatoa kidole, akabonyeza kile chekundu. Kila kitu kikasimama. Kuanzisha tena kulichukua karibu nusu saa. Msimamizi wake akamkata mshahara wa siku mbili kwa kuchelewesha kazi.

Nilimwuliza kama angefanya hivyo tena. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama angekula tena. Akasema, "Baba mdogo, yule mtoto alishuka akaenda kununua aiskrimu."

Yeye alikatwa mshahara, na mtoto akaenda nyumbani na mikono yake yote. Mimi nililipwa sawasawa. Tangu siku ile nimeona kwamba kazi yetu imepangwa kinyumenyume, na kwamba chama kisipoipindua, hakuna mwingine atakayeipindua.

TUNACHOTAKA

Wako watakaosema chama kinatisha wenye fedha, na kwamba masharti mengi yatawafanya wasijenge. Nawajibu kwamba nataka wajenge. Nataka vijana wa Kibirichia wapate kazi ya kuchomelea vyuma Nairobi badala ya kuuza ng'ombe wa baba zao ili wamlipe wakala wa safari. Nataka hata mimi niwapeleke wanangu wapande, maana sasa wanazijua tu zile bembea za kuzunguka zinazoletwa kwa lori wakati wa maonyesho ya kilimo Meru. Lakini anayetaka kujenga reli, iwe ya mizigo, ya abiria au ya mchezo, apokee na sheria za reli. Nasema chama kidai haya manne:

1. Mfanyakazi anayesimamisha gari kwa kuona hatari asikatwe mshahara, asihamishwe, wala asiandikiwe barua, hata kama baadaye itaonekana hatari haikuwako. Afadhali kusimama bure mara kumi.

2. Gari likisimama, idhini ya kuliendesha tena iwe ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, aliyeitembelea njia na kuhesabu magari kwa macho yake, akaandika katika daftari. Simu ya mkubwa isiwe kibali.

3. Mtambo mpya unaojengwa ndani ya bustani yenye watu usitangaziwe siku ya kufunguliwa kabla mafundi hawajatia sahihi ya mwisho. Na wajenzi wawe na uzio wao, saa zao na njia yao mbali na wageni.

4. Wajenzi na waendeshaji wote, hata wa kibarua, wafundishwe kwa lugha wanayoielewa, na wawe na bima ya kuumia kazini.

Wala hatuombi mambo ya mbinguni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi haki ya kutoa taarifa ya hatari kubwa, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Sheria hiyohiyo yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria ya fidia ya walioumia kazini ilitungwa mwaka huohuo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kuwa na chama. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama karibu na mkaguzi saa nane ya usiku, mkubwa anapokuja na tochi. Mtu huyo ni mwakilishi wa chama, na kama kituo chenu hakina, chagueni mmoja katika mkutano ujao kabla hamjazungumza habari za ada.

Nilipomaliza likizo nilipita tena kwenye ile hoteli ya chai. Mzee alikuwa pale pale karibu na jiko. Nikamsalimu, nikamwambia, "Mzee, nimefikiri juu ya neno lako. Ile methali ni ya siku ambazo hapakuwa na breki." Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Na hizo breki, nani anazishika?"

Ndilo swali ninalowaachia, ndugu wanachama. Mjibu katika mkutano.

Ndimi ndugu yenu katika kazi,

Mkaguzi wa Mabehewa,
Kibirichia.